Viatu Vilivyobaki Mlangoni

Nyumba ya Mama Stacy,
Tudor, Mombasa.
Ijumaa, 20 Septemba 1996.

Mpendwa dada Jacinta,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko Gaborone, na baridi imepungua? Shemeji Lewis kifua chake kimepona? Sisi huku tu wazima. Mama mguu ulimsumbua mwezi wa saba, lakini sasa anatembea, na juzi alikwenda mwenyewe mpaka Makupa kununua leso, akarudi analalamikia jua kana kwamba sisi ndio tuliolitoa. Tony bado yuko reli na bado anasema ataoa mwaka huu. Usishone nguo mpya.

Yale maswali na majibu ya mahojiano ya kazi uliyonipigia taipu yalifika. Kurasa nne, dada, na wino mwekundu chini ya kila jibu zuri. Niliyakariri nikipiga pasi, nikikuna nazi, mpaka Mama akadhani nimeokoka upya. Nakushukuru kwa dhati, ingawa barua hii si ya shukrani.

Niliitwa tarehe kumi na moja, huko Kuze. Ofisi yenyewe iko ghorofani katika nyumba ya zamani, chini yake kuna fundi wa saa. Pametandikwa zulia, kwa hiyo kila mtu huvua viatu mlangoni. Walionihoji ni wawili: Bwana Joab, mtu wa bara kama sisi, ambaye ndiye aliyekuwa akiandika, na Bwana Abdulhalim, mzee mwenye kampuni. Wao hufukiza dawa ya kuua fukusi kwenye maghala ya nafaka. Kazi ni ile ile niliyoiacha Shimanzi, ya ukarani wa ghala.

Majibu yako yalinibeba vizuri mpaka tukafika kwenye maadili ya kampuni. Bwana Joab akasoma kwenye karatasi: je, umewahi kuagizwa na mkubwa wako kufanya jambo unalojua si sawa, na ulifanya nini? Nikamjibu kama ulivyoandika, kwamba nilikataa kwa heshima, nikamweleza sababu, kisha nikaripoti kwa maandishi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Huo ulikuwa uongo, na wewe huna kosa, maana hukujua.

Niliwaambia nyote kwamba niliacha kazi Shimanzi kwa sababu ya vumbi. Si kweli. Sasa nitakueleza, na nakuomba usome polepole.

Pale ghalani vibarua huvua champali zao mlangoni kabla ya kupanda juu ya magunia ya mahindi. Jioni karani hahesabu watu, anahesabu viatu. Vikiisha mlangoni, ghala ni tupu. Unatia sahihi, vidonge vya dawa vinavyotoa hewa ya sumu vinatandazwa, mlango unafungwa na nyufa zote zinabandikwa utepe. Nilikuta desturi hiyo nilipoajiriwa, na sikuwahi kusikia imekosea.

Mwezi wa pili, wakati wa Ramadhani, ilibaki jozi moja. Zilikuwa champali za tairi, nami nilizijua. Zilikuwa za Chonga, Mdigo wa Likoni, mtu mpole aliyekuwa akiniita mwalimu kwa sababu ya kalamu yangu. Nikasema labda amekwenda kuswali Alasiri kwa viatu vya mwenzake, maana walikuwa wakiazimana. Meneja wetu, Bwana Morgan, alikuwa amesimama akitazama saa yake. Akaniambia, "Loise, viatu haviwezi kututia hasara ya siku nzima. Tia sahihi." Nikatia.

Chonga alikuwa amelala nyuma ya magunia, swaumu imemchosha. Tulimkuta asubuhi, mkewe alipokuja kumuulizia.

Siku hiyo hiyo Bwana Morgan aliniagiza niandike kwamba viatu vyote viliondoka jioni, ili ionekane Chonga alirudi kwa siri akaingia kuiba mahindi. Niliandika, dada, kwa mkono huu huu unaokuandikia. Viatu akaniambia nikavitupe Kibarani. Nilifika mpaka jaani nikashindwa, nikarudi navyo. Viko chini ya kitanda changu tangu mwezi wa pili. Cha kushoto kimelika kisiginoni kuliko mwenzake, nami huota nikiambiwa nivivae.

Basi, siku ile ya Kuze walinishukuru, nikatoka. Pale mlangoni nikajikuta nahesabu bila kutaka. Jozi nne. Ndani tulikuwa watu watatu. Nilishika reli ya ngazi, kisha nikaiachia. Nikarudi ndani nikauliza, viatu vya jozi hii ya nne ni vya nani?

Bwana Abdulhalim akacheka kidogo. "Ni vyangu, mwanangu. Navivaa nikenda kutawadha. Mbona wauliza?"

Nikawaambia yote nimesimama pale pale, Bwana Joab kalamu imemganda mkononi. Nilipomaliza, mzee akaniuliza, "Mkewe umemwambia?" Nikasema bado. Akasema, "Basi si sisi wa kwambiwa mwanzo."

Kazi hakunipa wala hakuninyima. Alisema nirudi nikishatoka Likoni.

Nimekwenda mara mbili mpaka Feri, nikasimama na watu wanaosubiri kuvuka, nikitazama miguu yao, nikarudi nyumbani. Nasikia watoto wa Chonga shuleni wanaitwa watoto wa mwizi. Nimeandika maelezo mapya, nakala mbili, moja ya mkewe na moja ya polisi. Huenda nikashtakiwa, nawe Mama umtayarishe kwa simu, maana mimi sitaweza. Kesho Jumamosi navuka. Viatu nimevifunga kwenye gazeti.

Lakini lipo jambo ambalo hata Bwana Abdulhalim sikumwambia. Mlango ulipokwisha kubandikwa, nilibaki nje kwenye meza yangu nikijaza fomu. Nikasikia kitu kinagonga mara tatu. Kikanyamaza. Kisha mara tatu tena. Nikajiambia ni mabati yanapoa, nikaendelea kuandika. Ni kweli mabati hugonga jua likishuka. Ya nyumba hii yanagonga kila siku kama saa kumi na moja, na yanagonga sasa ninapokuandikia.

Mke wa Chonga lazima ataniuliza kama mumewe alibisha. Swali hilo halimo katika kurasa zako nne, na nimetafuta jibu miezi saba. Mabati, dada, hayahesabu mpaka tatu.

Nisalimie shemeji Lewis na mwanetu Beverly, umwambie picha aliyochora ipo ukutani kwa bibi yake. Mama na Tony wanakusalimu. Mungu awafunike mchana na usiku huko ugenini, na kesho jioni, ukikumbuka, unitajie mbele zake.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Loise