Sifa za Ndugu

Dada Mwana, shikamoo. Naomba kadi hii ikukute mzima, na moshi wa jikoni ukikuonea huruma.

Leo niko Igalula, stesheni ya treni karibu na Tabora. Jua kali, vumbi hadi kwenye meno. Nimenunua chai na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, kwa mama mmoja mcheshi, mzaliwa wa Ulyankulu. Nilipong'ata tu nikasema, "Matamu sana, mama!"

Akanikazia macho. "Kwani sisi ndugu?"

"Hapana, mama."

"Sasa mbona unanisifu kama ndugu? Hebu sema kweli."

Nikakiri kwamba ni magumu kidogo. Alicheka hadi kitenge kikamdondoka begani. Akanieleza kuwa kule kwao kila mlaji alikuwa shemeji au mtoto wa ubatizo. Walikula, wakasifu, wakaondoka, naye asijue kama kweli anajua kupika. "Ndiyo maana nikaja kuanzia biashara huku nisikojulikana," akasema. "Mgeni akirudi tena, hiyo ndiyo sifa."

Nikakukumbuka wewe na bagia zako. Kila Ramadhani unatuuliza, "Jamani, nifungue kibanda?" nasi tunajibu "Tamu!" huku tunatafuna. Sasa nakujibu kama mgeni: chumvi huwa inazidi. Ipunguze, halafu ufungue. Nikirudi Tanga nitapanga foleni na wateja wengine, na nitalipa.

Nakubusu mikono yako yenye harufu ya dengu.

Mdogo wako,
Hamisi