Home Run Kumi na Tisa za Kadiri

Jumapili, 31 Mei 2015

Kadiri kapiga home run mbili tena leo. Ya pili imeruka uzio, ikaruka na miti, tukasikia tu mbwa wa jirani akibweka. Home run kumi na moja, na msimu haujafika nusu. Mwaka jana mzima alipata nne. Florent, kocha, anasema tangu klabu ianze besiboli hapa Uccle hajatokea mpigaji kama huyu. Mimi ndiye ninayejaza daftari la mechi. Nimejaza kwa furaha. Mdogo wangu huyu! Nilimbeba mgongoni kwetu Buyenzi, nikamleta Bruxelles ana miaka tisa. Leo Wazungu wanaimba jina lake.

Jumatano, 3 Juni

Kadiri amepita jioni na kichupa na sindano. Vitamini za bega, anasema. "Wewe ni infirmière, dada, mkono wako hauumizi." Nimemchoma. Muuguzi mimi, kutwa nachoma wazee majumbani mwao, mmoja zaidi ni nini. Kichupa hakikuwa na karatasi. Niliona. Sikuuliza.

Jumamosi, 13 Juni

Lina, mke wa Kadiri, kaniita kwao. Mlango wa bafu una tundu la ngumi — alimwambia tu Kadiri apunguze sauti ya televisheni. Lina hakulia. Alikuwa anakata vitunguu, akanionyesha mlango kwa kisu. Kisha akafungua frigo. Nyuma ya bakuli la sombe, boksi. Vichupa sita kama kile, safari hii na karatasi zake. Testosterone, homoni ya kujaza misuli.

Mafuta mazito yale. Niliyasukuma mwenyewe kwa kidole gumba, nikayahisi yanagoma, nikajiambia ni vitamini. Miaka kumi na moja ya kazi! Nimenawa mikono mara tatu. Bado naiona inanata.

Jumapili, 14 Juni

Mbili tena. Kumi na tano. Watu wamesimama, mimi nimebaki nimekaa. Mgongo wake umejaa chunusi hadi shingoni, na wao wanampapasa kama ng'ombe wa mnadani.

Nikamvuta nyuma ya benchi, nikamwambia nimeona boksi. Hata hakukana. Alors, kwani nini? Wapigaji wakubwa wote wanachoma, anasema. Watu wa klabu moja ya Uholanzi wanakuja Julai kumtazama, na wanachotaka ni hesabu ya nusu msimu. Na Lina je? Na mlango? Mlango atatengeneza.

Nikaenda kwa Florent. Yeye hapendi kuchungulia frigo za watu, kasema, mdomo umejaa keki ya gaufre, sukari kidevuni.

Bon, basi. Nikarudi kitini, nikajaza daftari kama kawaida. Hilo ndilo linanitia kinyaa kuliko yote.

Alhamisi, 18 Juni

Ramadhani mosi. Kadiri amefunga. Hata mate anatema, asije akabatilisha funga. Nimempigia simu, nikamuuliza: na sindano? Anachoma baada ya futari, kasema, kwa hiyo hakuna tatizo. Nimerudisha tende yangu sahanini.

Jumapili, 5 Julai

Mechi ya mwisho ya nusu msimu. Naandika nikiwa vestiaire, chumba cha kubadilishia nguo.

Kapiga ya kumi na tisa. Hajamaliza kuzunguka uwanja, gari jeupe likaingia: daktari, mwanamke wa makamo, na msaidizi wake. Wamekuja kupima mkojo wa wachezaji, kama una dawa za marufuku. Kadiri kaenda chooni na yule msaidizi. Alipotoka, daktari akamuuliza kama ametumia dawa yoyote. Akajibu kwa sauti ya kusikika na kila mtu: nilichomwa sindano, muulizeni dada yangu Jamila, yeye ni infirmière.

Jina langu. Mbele ya klabu nzima.

Daktari kaja kwangu kwa upole. Ni kweli nilimchoma? Kweli. Kitu gani? Nikafunga daftari la mechi. Kanipa fomu: niandike dawa na tarehe, nitie sahihi, atarudi baada ya dakika kumi. Badala ya fomu nimefungua daftari langu hili la kumbukumbu. Nikiandika ukweli, Kadiri basi tena, na mimi huenda nisiruhusiwe kugusa mgonjwa maisha yangu yote. Nikiandika uongo, ataendelea kuchoma, na siku moja ngumi ile haitaangukia mlango.

Florent yuko kizingitini, anaangalia simu yake. Kadiri amechuchumaa mbele yangu, midomo imepasuka kwa kiu. Ananong'ona kwa Kiswahili, Florent asielewe.

"Andika cortisone, dada, ile dawa ya bega inayoruhusiwa. Neno moja tu."

"Mbona hukuwaambia hivyo mwenyewe?"

"Mimi nimefunga. Siwezi kusema uongo."

Hatanii. Ananitazama machoni kabisa, anasubiri. Koridoni nasikia viatu vya daktari, na fomu bado tupu.