Vitambaa Kwenye Sukuma Wiki

Katoro,
Jumapili, baada ya misa.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na ule mguu uwe umepunguza kelele. Mimi afya ninayo, ila jembe limenipa viganja kama vya kuli wa hapo Isaka. Mwambie kaka Denis akusomee taratibu, asiruke mistari kama kawaida yake. Simu sikupiga kwa sababu ungelia, nami ningelia, na salio lingekwisha hatujasema neno.

Nimesikia agizo lako: kwa kuwa Enock ameoa mwingine huko machimboni na ametamka kwamba harudi, Denis aje kunichukua mwisho wa mwezi. Una haki, Mama. Mke aliyeachwa anakaa kwa baba mkwe kufanya nini? Hata mimi nilijiuliza hivyo, tena kwa hasira.

Ila kwanza nikupe habari za bustani. Mila unaijua, baba mkwe na mkamwana hawasemezani hovyo wala hawali pamoja. Mzee Masele anaishika kama padri na misale yake. Akitaka chumvi humwambia jirani yetu, Mama Fredy, naye hunitangazia mimi niliyesimama pale pale. Basi nilipoolewa nikaivamia sukuma wiki yake kwa mazoea ya mchicha wa nyumbani, miche mingine naikata kilele, mingine naing'oa na mizizi. Mzee akaona, akakohoa, akaenda zake. Kesho yake nikakuta majani ya chini yamefungwa vitambaa, vipande vya shati lake kuukuu. Nikachuma hayo tu, nikaacha moyo wa mche, na baada ya siku chache majani mengine yakawa tayari.

Tangu hapo tukawa tunaongea kwa vitambaa. Kabichi aliifunga shingoni, nikakata hapo, kisiki kikabaki ardhini na kuchipua vikabichi vidogo pembeni. Nilicheka peke yangu. Hakuna mwanamume aliyewahi kunikosoa kwa upole namna ile, hata huyo mwanawe.

Habari za Enock zilipofika, sikukanyaga bustanini. Majani yakakomaa, mengine yakawa manjano. Juzi nikafunga mizigo. Mzee akaja hadi mlangoni kwangu na ndugu zake wawili, bila Mama Fredy, akanisemesha mwenyewe. Alisema mwanawe amemwaibisha. Akasema kama mimi si mkamwana wake tena, basi hakuna mila inayomzuia kuniita binti yake. Bustani ni yangu, wale ndugu ni mashahidi. Nikitaka kukaa nikae, nikitaka kwenda atanisindikiza mpaka kwako.

Kisha akaomba chakula. Mama, tulikula sahani moja. Ile sukuma wiki ilikuwa ngumu kama mkeka, naye akaitafuna bila kulalamika, machozi yakimtoka. Yangu yalikuwa yameshatangulia.

Kwa hiyo nakwambia wazi: sirudi. Usidhani nimekukimbia, nakupenda na nakukumbuka kila siku. Denis aje, lakini aje kututembelea, na wewe uje naye.

Wasalimie wote wanaoniulizia, hata wale wanaoniulizia kwa umbea. Tangu tumzike Baba sikuwahi kumwita mtu mwingine hivyo. Juzi nilimwita, akaitika.

Mwanao akupendaye,
Theopista