Shangazi, Uliyenijibia kwa Muuguzi

Shangazi,

Shikamoo leo sikupi. Ungekuwa mbele yangu, mdomo ungekuamkia wenyewe kwa mazoea. Kwenye karatasi naweza kukunyima, na ninakunyima.

Wewe ni dada wa baba, na kwetu Mungaa mambo ya mwili wa msichana ni ya shangazi. Nilipovunja ungo ulinieleza wewe, tukiwa tunapiga alizeti uani, ukanikunjia vitambaa na kunicheka nilivyokuwa natembea kama bata. Nilikupenda, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ndiyo maana nilipopata mimba nikiwa na miaka kumi na tisa, na aliyenipa mimba akazima simu, nilikimbilia kwako.

"Nyamaza," ulisema. "Baba yako hatajua."

Ukachemsha mizizi. Nilipouliza itafanya nini ndani yangu, ulinijibu, "Kunywa. Wenzako mbona walikunywa?" Hukujua inafanya nini, Shangazi. Hukujua kipimo chake, wala hukuniuliza mimba ina miezi mingapi. Ulichojua ni kuchemsha.

Damu ilianza siku ya pili ikakataa kukata. Siku ya nne nilitetemeka kwa homa, na harufu iliyokuwa ikinitoka niliionea aibu mwenyewe. Ndipo ukanipeleka zahanati, njia nzima ukinitisha kwamba nikisema ukweli tutalala jela wote wawili. Muuguzi alinitazama mimi akauliza, "Umetumia dawa yoyote? Una ujauzito?"

Ukajibu wewe. "Huyu mtoto, Sista, hana mambo hayo. Ni malaria. Hiyo damu ni siku zake."

Kwetu mtoto hamkatizi mkubwa akisema. Nikarudi nyumbani na vidonge vya homa.

Baada ya siku mbili nilizimia, nikapelekwa hospitali ya mjini Singida. Nilipozinduka kizazi kilikuwa kimeshatolewa. Daktari alinieleza taratibu, bila kunigombeza: mimba ilitoka nusu, mabaki yakaoza ndani, sumu ikaingia kwenye damu. Ningefika mapema na kusema nilichokunywa, wangenisafisha kwa kifaa cha kufyonza, kazi ya dakika chache, wakanipa dawa ya kuua vijidudu, na huenda ningebaki na kizazi changu. Polisi hakuja. Daktari alisema anayevuja damu hutibiwa kwanza, na kwamba pedi zikilowa mbili ndani ya saa moja, au ikiwepo homa na harufu mbaya, hakuna kusubiri kesho.

Wewe hukuja kuniona wodini. Ulihamia Itigi. Halafu kwenye harusi ya kaka ukawaambia ndugu, nami nimesimama pale na sahani ya pilau, "Huyu Mungu hakumjalia." Mungu alinijalia, Shangazi. Usimsingizie.

Nimekaa na chuki hii miaka sita na sikuwa na haja ya kukuandikia. Naandika kwa sababu jana binti yako Neema alishuka kwenye basi hapa mjini, akiwa na sare ya shule ndani ya mfuko. Ana mimba. Alisema, "Dada, mama ameshaweka sufuria jikoni."

Kwa hiyo hukujifunza kitu. Kwa mtoto wa kaka yako, haya. Lakini hata kwa wa tumbo lako?

Neema yuko kwangu. Hajaamua lolote, na mimi simwamulii. Kesho tunaenda kliniki apimwe, ajue mimba ina muda gani, aambiwe sheria inaruhusu nini na hatari iko wapi, na mtu aliyeisomea kazi hiyo. Ukija, utasubiri nje kwenye benchi. Mimi nitaingia naye, nitamshika mkono, na muuguzi akimuuliza, nitafunga mdomo wangu mpaka ajibu mwenyewe.

Mimi,
mtoto wa kaka yako