Kabla Hujampa Jina Langu

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta umepata walau lepe la usingizi, na Kifaranga wetu amenyonya akashiba. Mimi ni mzima wa mwili. Shemeji ameniambia siku hizi unamaliza sahani, nikafurahi, maana wiki ile wodini ulikuwa umebaki macho na kitambaa cha kichwa tu. Yule mama wa kitanda cha jirani, anayekoroma kama jenereta, naye msalimie.

Nimepata ujumbe wako kwamba Jumapili mnampa mtoto jina, na jina lenyewe ni langu. Nakuomba usimpe kabla hujafika mwisho wa barua hii. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningeishia kuuliza habari za hali ya hewa. Najijua.

Kazi yangu unaijua: napanga maandishi ya vitabu na mabango kabla hayajaenda mtamboni. Juzijuzi mfamasia wa hospitali yenu alituletea jedwali la vipimo vya dawa za watoto, la kubandikwa wodini. Alilalamika kwamba walioliandika wamejaza sifuri zisizo na kazi. Penye 5 wameweka 5.0, na muuguzi mwenye haraka anaweza kuisoma hamsini. Akaomba nizitoe zote. Alidhani nitazikodolea macho kutwa, moja baada ya nyingine, nami nikamcheka kimoyomoyo.

Programu yetu ya kuhariri, dada, haitafuti maneno tu. Unaweza kuipa kanuni ya umbo unalolitaka, nayo itachagua kila mahali penye umbo hilo na kubadilisha pote kwa mkupuo mmoja. Nilikuwa nimejifunza hayo karibuni, na unajua nikijifunza kitu kipya watu wote watanikoma. Nikaandika nukta na sifuri, nikaamuru zifutwe. Bosi wangu, tunayemwita Miwani, akachungulia begani kwangu na kuuliza kwa nini 250 imekuwa 2. Nilikuwa nimesahau kwamba ndani ya kanuni hizo nukta tupu humaanisha alama yoyote ile, kwa hiyo hata 5 iliyotangulia sifuri ilihesabiwa, na 50 nzima ikaliwa. Nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, nikatanguliza alama ya mstari ulioinama ili nukta isomwe kama nukta, nikaamuru tena. Safari hii 5.0 ikawa 5, na 250 ikabaki 250. Tukacheka sana. Mfamasia alipotaka kulikagua jedwali mstari kwa mstari, nilimwambia asijisumbue, kompyuta haisinzii. Akatazama sehemu ya juu tu, akatia sahihi.

Siku chache baadaye, mchana ule uliponipigia simu kutoka wodini, ulikuwa na furaha. Ulisema Kifaranga ameongezeka uzito, kwa hiyo dawa yake ya moyo inapanda kidogo. Daktari alikudokezea kuwa itakuwa mililita moja nukta sifuri tano, na muuguzi atahakikisha kwenye bango jipya lililobandikwa asubuhi hiyo. Uliendelea kuongea, lakini mimi sikusikia tena. Kanuni yangu ilifuta nukta na sifuri popote zilipofuatana. Sikuiambia iangalie kwanza kama baada ya sifuri kuna tarakimu nyingine. Nikafungua jedwali, nikautafuta mstari wa dawa yake. Palipokuwa na 1.05 palikuwa na 15.

Nilipiga simu ya wodi, ikaita mpaka ikakatika. Nikatoka na ndara za ofisini, nikadandia pikipiki ya kwanza niliyoiona, nikamfokea dereva njia nzima kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Yaliyofuata uliyaona mwenyewe. Muuguzi alikuwa ameshajaza mabomba mawili ya kupimia dawa, ya mililita tano tano, anavuta la tatu huku akilitazama bango kwa mashaka, maana kichupa kilikuwa kinakwisha. Nikampiga kofi la mkononi, dawa ikamwagika, nikalichana bango. Ulinikumbatia ukilia, ukaniuliza nimejuaje. Nikajibu kwamba moyo wangu ulinituma. Wodi nzima ikasema huo ndio undugu, nami nikapokea sifa.

Moyo haukunituma, dada. Nilijua kwa sababu bango lile ni kazi ya mikono yangu. Sumu ile niliiandika mimi, kisha nikamzuia mtu aliyetaka kuikagua.

Siku iliyofuata niliwaeleza Miwani na mfamasia kila kitu. Mabango yote yamekusanywa, na hakuna mtoto aliyepewa kipimo kibaya. Mfamasia hakunigombeza. Alikaa tu akiitazama sahihi yake, na hilo liliniuma kuliko matusi. Uliyebaki kuambiwa ni wewe, na ndiwe niliyekuwa nakuogopa.

Ukimpa jina jingine, nitamwita hilo kwa mapenzi yale yale. Ukiona langu bado linamfaa, akikua mwambie ukweli: mwenye jina hilo nusura amuue kwa haraka yake, kisha akamkimbilia kwa haraka hiyo hiyo.

Shemeji mpe salamu zangu, na barua hii naye aisome. Kifaranga mbusu kwenye nyayo, zote mbili.

Ni mimi mdogo wako. Jina siliandiki hapa. Nasubiri Jumapili nisikie kama limebaki la mtu mmoja.