Msimpigie Mbwa Makofi

Mwanangu, na mkwe wangu,

Someni kwanza, ndipo mumfungulie mbwa. Yuko chumba cha nyuma, ameshakula, maji anayo.

Kuanzia leo mtu asimpigie makofi. Mimi nilimfundisha kwamba makofi maana yake njoo upate kinyama. Wewe mwanangu unayapiga kumfukuza. Ndiyo maana asubuhi, alipokuwa anatafuna waya wa pasi, ulipopiga makofi alikukimbilia na waya mdomoni, pasi ya moto ikamdondokea karibu na kichwa. Ukafoka, "Baba, huyu aondoke leo leo!" Aondoke kwa kosa gani? Katoto kametii wakubwa wasioelewana.

Kumwita, semeni "njoo". Kumkataza, "acha", mara moja, bila kelele, halafu mpeni mfupa wake wa mpira. Akiacha, msifuni. Pasi ichomolewe, waya upandishwe juu. Na soksi za mkwe zitoke sakafuni, zisije zikamuua kabla ya umeme.

~~Kama bado hamumtaki, tutaondoka wote wawili.~~

Huo mstari nimeukata. Hatuondoki. Najua mkikuta kiti changu kitupu mtasema, "Mzee kashashika njia tena." Safari hii nimefika kwa seremala tu, anitengenezee kigeti cha mlango wa chumba cha pasi. Nitakifunga mwenyewe jioni.

Hamniamini? Tazameni nyuma ya mlango. Mkoba wangu wa safari nimeuacha msumarini, na ndani yake sasa umelala mfupa wa akiba wa mbwa.

Baba yenu