Mwaka Ambao Dusabe Hakuulizwa Anasomea Nini

Minnesota, Marekani
4 Oktoba 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya huku naisikia mpaka kwenye meno.

Kuna jambo niliogopa kukwambia kwa simu. Nilidhani udaktari ni miaka mitano, kama kwetu. Huku unasoma kwanza shahada nyingine miaka minne, ndipo unaomba udaktari, minne tena, na bado mafunzo hospitalini. Na mwaka huu hakuna anayeniuliza nasomea nini! Nimechagua mimea, historia, hata nyota. Ni kama nimefunguliwa ghala nikaambiwa, onja.

Binti yako,
Dusabe

Chonyonyo, Karagwe
12 Novemba 2023

Mwanangu Dusabe,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, lakini natembea.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Stephania wa Bugene, mliyemaliza naye kidato cha sita, ameanza udaktari Mwanza. Miaka mitano tu. Wewe unasoma nyota? Kama umefeli niambie, mimi ndiye niliyekuzaa. Huku ugonjwa wa mnyauko umeingia shambani, kibanjani kwetu. Nimeng'oa migomba thelathini na miwili.

Mama yako,
Mukashema

Minnesota
20 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Nisamehe, mwaka na nusu sijakuandikia. Lile neno "umefeli" liliniuma. Hii naituma kama ujumbe wa simu, ifike upesi.

Jumanne, darasa la mimea, mwalimu alituwekea tone la maji kwenye hadubini. Nikaona vijiti vidogo mno, maelfu, vinaogelea. Akasema, "Hawa ni bakteria, ndugu wa wale wanaoua migomba Afrika Mashariki." Mama, nilikumbuka ile migomba yako thelathini na miwili. Kumbe kibanja chetu kiliangushwa na kitu kisichoonekana kwa macho!

Wiki ijayo ndipo kila mmoja wetu anaandika somo kuu alilochagua kuhitimu nalo. Kwetu ningekuwa nimefungwa kwenye udaktari tangu siku ya kwanza. Nataka kuandika magonjwa ya mimea. Siandiki kabla hujanijibu.

Dusabe

Chonyonyo
24 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba. Naandika kwa simu ya Stephania, amerudi nyumbani kwa msiba na leo amekuja kunitazama. Jana nilimfuata Bugene kwa bodaboda, nikamuuliza kama unanidanganya kuhusu hiyo miaka ya masomo. Akasema, "Hapana, mama. Kila nchi ina ngazi zake."

Nikamsomea habari za vile vijiti. Akanionyesha picha, kisha akasema vinasafiri kwa panga. Bwana shamba alituambia tuchome panga motoni kila baada ya kukata mgomba. Nikaona anatusumbua tu. Kumbe ni mimi niliyevibeba, shina hadi shina, kwa mkono huu.

Andika hayo magonjwa ya mimea. Iwe miaka minne, iwe minane.

Leo asubuhi nimewasha moto kando ya kibanja, nikachoma panga. Majirani watatu wakaja kutazama. Mzee Pastory akauliza nani kanifundisha. Nikamjibu, "Binti yangu. Na bado yuko mwaka wa pili."

Mama yako,
Mukashema